Acheni kuwaita mabingwa watu ambao hawajawahi kuonja raundi ya tatu

Ndugu zangu wa Lubumbashi na kwingineko, naandika nikiwa na hasira. Jumamosi iliyopita nililipa faranga 10,000 kuingia ukumbi mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwenye mapambano ya MMA, yaani ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, ili nimwone kijana ambaye mabango yalimtangaza kwa wiki tatu kuwa bingwa wa Afrika. Mkanda huo aliupata wapi, na alimpiga nani, hakuna aliyeandika. Raundi ya kwanza alirusha ngumi kama mtu anayefukuza nyuki. Raundi ya pili mdomo ulikuwa wazi na mikono imeshuka hadi kifuani, na mpinzani wake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitwa siku nne tu kabla ya pambano, alimvuta miguu, akambwaga na kumkalia mpaka refa akaingilia kati. Mtangazaji akatuambia kwamba bingwa alikuwa na malaria.

Simlaumu kijana. Nawalaumu wanaompamba, na nawalaumu mashabiki wanaohesabu sekunde za ushindi bila kuuliza aliyeangushwa alikuwa nani. Mpiganaji anayesifiwa kupita kiasi anaweza kuwa na kipaji cha kweli kabisa. Kosa ni kwamba sifa zake zimetangulia mahali ambapo mwili wake haujapelekwa bado.

Tazameni yaliyompata Francis Ngannou, ndugu yetu wa Kameruni, ambaye nampenda. Desemba 2017 alimpiga Alistair Overeem ngumi moja ya kutokea chini ambayo nusura ing'oe kichwa, na dunia nzima ikasema hakuna binadamu atakayemweza. Wakati huo alikuwa ameshinda mapambano sita ndani ya UFC, ile kampuni kubwa ya Marekani inayoandaa mapambano ya MMA, na hakuna hata moja lililofika raundi ya tatu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 21 Januari 2018, tulijazana mbele ya televisheni moja kumtazama akipambana na Stipe Miocic, bingwa wa uzito wa juu wa UFC wakati huo, kule Boston, Marekani. Miocic alikwepa zile ngumi za mwanzo, akamwangusha, akamlalia na kumbana kwenye wavu, na kufika raundi ya tatu Ngannou alikuwa akiinua mikono kama mtu aliyebeba magunia mawili ya makaa. Majaji wote watatu walimpa Miocic ushindi wa pointi 50 kwa 44. Miezi michache baadaye alipigana na Derrick Lewis raundi tatu ambazo karibu hazikuwa na ngumi, akashindwa tena.

Lakini yeye alirudi darasani. Machi 2021 alimwangusha Miocic katika raundi ya pili akauchukua mkanda, na Januari 2022, alipobanwa na Ciryl Gane, aliutetea kwa mieleka, kwa kumtupa mwenzake chini, kazi ile ile iliyokuwa imemwaibisha Boston. Sifa za mwaka 2021 alizilipia. Zile za mwaka 2017 alikopeshwa.

Ronda Rousey, bingwa wa wanawake wa UFC, naye alikuwa na medali ya shaba ya judo ya Olimpiki ya Beijing 2008, na mbinu yake ya kuubana mkono wa mpinzani mpaka asalimu amri ilikuwa ya kweli kabisa. Uongo ulianza pale watu waliposema kwamba hata ngumi zake ni za kiwango cha dunia, kwa kuwa tu wapinzani wake walimkimbilia mikononi. Novemba 2015 Holly Holm, mwanamke aliyekulia katika ndondi, alikaa mbali naye, akamzungusha, kisha akamlaza kwa teke la shingo.

Conor McGregor, nyota mwingine wa UFC, alimzimisha bingwa José Aldo kwa sekunde 13, akavaa mikanda ya uzito mbili, na hakuutetea hata mmoja. Mnaosimulia zile sekunde 13 kila siku, mbona hili hamlisimulii?

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi nafundisha judo na mieleka vijana wa Katuba, na uongo huu unafika hadi kwenye mkeka wangu. Nikimwambia kijana wa miaka 17 arudie mara 100 kurusha miguu nyuma anaposhikwa, ananionyesha simu: "Mwalimu, huyu hafanyi hayo yote, tazama anavyowamaliza." Video ni ya sekunde 20, na imekatwa vizuri hata sura ya mpinzani haionekani. Hajui kama yule aliyeanguka alikuwa na mapambano 15 au lilikuwa lake la kwanza. Nawaomba waandaaji jambo dogo sana: andikeni kwenye bango amepigana mara ngapi, na nani, na raundi ngapi. Wino wake hauzidi faranga 500.

Jana nimepita barabara ile ile. Bango jipya limekwisha kubandikwa: kijana yule yule, mkanda ule ule begani, bado ni bingwa wa Afrika. Chini yake, mahali pa jina la mpinzani, wameandika "mpinzani mkali".