Lami inaachia kokoto baada ya masika: niweke chokaa au dawa ya maji?

Msimamizi_Mbezi: Wakuu, habari za kazi. Tunajenga barabara ya mtaa huku Mbezi, lami ya moto, kokoto za graniti kutoka upande wa Chalinze. Kipande cha majaribio tulichomwaga kabla ya masika kimeanza kulegea. Ukivunja donge kwa mkono, kokoto zinatoka tupu, zinang'aa kama hazijawahi kuguswa na lami. Muuzaji ananihimiza nichanganye kwenye lami dawa yake ya maji ya kuifanya ishike kokoto, mhandisi mshauri anataka chokaa. Bajeti finyu. Naombeni ushauri.

Kijiko_cha_Lami: Mkuu, graniti ina silika nyingi, na jiwe la namna hiyo linapenda maji kuliko lami. Maji yakipenya, yanaingia kati ya jiwe na lami na kuibandua lami. Mimi niko na mshauri wako: chokaa iliyozimwa kwa maji, asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa kokoto, ichanganywe na kokoto zikiwa na unyevu ili izishike. Faida yake nyingine ni kwamba inapunguza kasi ya lami kuzeeka. Usikubali kuuziwa vumbi la mawe ya chokaa, hicho ni kitu kingine kabisa.

Dada_wa_Maabara: Kaka, usinunue chochote kabla ya kupima kwa kokoto zako na lami yako. Dawa inayofanya kazi kwenye jiwe moja inaweza isifae jiwe lingine. Anza na kuchemsha: mchanganyiko kwenye maji yanayochemka dakika 10, kisha tazama kokoto ngapi zimevuliwa. Baada ya hapo pima nguvu. Vipande vya silinda vishindiliwe mpaka vibaki na uwazi, yaani nafasi za hewa ndani yake, wa asilimia 7 hivi. Vingine vibaki vikavu, vingine vijazwe maji kwa pampu ya kunyonya hewa, vikae kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa 24. Vilivyolowa vikibaki na asilimia 80 ya nguvu ya vikavu, uko salama. Dawa ya maji ni rahisi kutumia, mara nyingi haifiki hata asilimia 1 ya uzito wa lami, ila nyingi hupungua nguvu zikikaa muda mrefu kwenye tangi la moto.

Mzee_wa_Roli: Vijana, na ushindiliaji je? Toboa sampuli pale palipoharibika. Uwazi ukizidi asilimia 8, maji yanapita tu, hata uweke dawa gani. Na mtaro upo?

Msimamizi_Mbezi: Mtaro upande mmoja tu, mzee wangu, na kokoto zina vumbi jingi. Dada, vipande vingapi?

Dada_wa_Maabara: Sita kwa kila mchanganyiko, vitatu vikavu na vitatu vya maji. Fanya bila kitu, kwa chokaa, na kwa dawa. Hizo kokoto zioshwe kwanza, lami haishiki vumbi.