Kumbakumba la UDA lilikuwaje? Natengeneza la boksi

Fundi Boksi:
Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni. Jioni nikitoka kwenye mihangaiko huwa natengeneza magari ya boksi na waya. Nimepata mteja, mzee mmoja wa Temeke, anataka "UDA yote", yaani mabasi ya Usafiri Dar es Salaam, ipangwe juu ya kabati lake: Leyland, kumbakumba, chai maharage, Eicher, mpaka mwendokasi. Eicher nimemaliza, ile nimeipanda mwenyewe. Golden Dragon refu la mwendokasi nalo tayari. Nimekwama kwenye kumbakumba, lile basi refu lililoungwa katikati kwa mpira, nimezaliwa 1996, sijaliona likitembea. Nikitengeneza jingine kama la mwendokasi nikabadilisha rangi tu, si itatosha?

Mama Keko:
Marahaba mwanangu. Haitoshi, na huyo mzee atakurudishia gari lako. Mwendokasi milango iko kulia, upande wa dereva, maana vituo vipo katikati ya barabara. Kumbakumba lilipakia pembeni kama daladala yoyote, milango kushoto. Ukikosea hapo umeharibu gari zima.

Halafu ule mpira wa katikati, usiukate kwenye plastiki ngumu. Ulikuwa na mikunjo mikunjo kama kodiani, na vumbi la njia nzima limejificha humo. Chini yake, sakafuni, kulikuwa na sahani ya duara inayozunguka. Hapo ndipo palikuwa kwetu wanafunzi. Unaweka mguu mmoja upande wa mbele, mwingine upande wa nyuma, dereva akikata kona miguu inaachana yenyewe, mnapiga kelele gari zima linageuka kuwatazama. Nilikuwa naacha siti tupu kwa ajili ya ile sahani! Nikifika nyumbani sketi ina vumbi mgongoni, mama anauliza leo umelalia wapi.

Spana 17:
Mama Keko umeua 😂. Mkuu Fundi, tafuta picha za Ikarus 280, ndilo lile refu la Hungaria. Usihangaike na boneti. Injini imelazwa chini ya sakafu, kati ya tairi za mbele na za katikati, kwa hiyo muungurumo unaupata kwenye nyayo.

Ila chai maharage toa. UDA ilianza 1974 kampuni ya mabasi ya DMT (Dar es Salaam Motor Transport) ilipogawanywa, UDA ikabaki na safari za mjini, za mikoani zikaenda shirika jingine, KAMATA. Chai maharage zilikuwa za watu binafsi, enzi za daladala. Mnakaa goti kwa goti, mnatazamana kama mko mgahawani mnasubiri sahani.

Fundi Boksi:
Duh, lakini mzee mwenyewe ndiye aliyezitaja.

Mama Keko:
Mtengenezee. Mtu alikwenda kazini nayo na kurudi nayo, leo umwambie haikuwa ya UDA? Iweke tu mwisho wa mstari.

Spana 17:
Basi mstari wa chini yake, pamoja na vipanya, zile daladala ndogo. Hapo siteremki.

Fundi Boksi:
Nimewaelewa wakuu. Mpira nimepata kitambaa cha mwavuli mbovu, nimekikunja na kukishona na waya, kinapinda vizuri kabisa. Milango nimehamishia kushoto, na sahani nimekata mfuniko wa kopo la rangi. Mama, bado kitu kimoja tu: siti zake zilikuwa rangi gani?

Mama Keko:
Siti? Mwanangu, si nimekwambia nilikuwa nasimama.