Tupeane uzoefu: asubuhi ya kwanza katika mji mgeni, ulikimbilia upande gani?

Mkaguzi, Nakuru (mwanzisha mada)

Kazi yangu ya kukagua hesabu za vyama vya ushirika hunipeleka magharibi karibu kila mwezi, na kwa miaka mingi niliijua miji ya huko kwa namna moja tu: stendi ya matatu, ofisi, gesti, kisha stendi tena. Nakiri kwa aibu kwamba nililala Kisumu zaidi ya mara ishirini kabla ya kulisogelea Ziwa Victoria hata mara moja. Kilichonitoa chumbani ni daktari aliyeniamuru nipunguze uzito, nami nikaona heri nikimbie alfajiri kabla ya kazi kuliko jioni nikiwa nimechoka na vitabu vya hesabu. Tangu hapo raba ndizo huingia begini kwanza. Wahenga walituambia tembea uone, na sidhani kama wangelibadilisha neno hilo kwa kuniona mimi nikihema barabarani, lakini hayo tuyaache.

Nina utaratibu mmoja. Siku ya kwanza sifungui ramani ya simu, bali humuuliza askari wa usiku wa pale nilipolala, kwa sababu yeye amekesha na anajua ni njia ipi ina watu saa kumi na moja na nusu, na ni boma lipi huachilia mbwa wake hadi kuche. Kisumu, mzee mmoja wa langoni aliniambia, "Shuka na barabara mpaka unuse samaki, halafu urudi." Nilishuka kutoka Milimani kungali giza, nikafika ufuo wa Dunga mashua za omena, wale dagaa wa ziwani, zikirejea. Omena huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu ya maji, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya soko. Wanawake walikuwa wamesimama majini hadi magotini, makarai kiunoni, wakipatana bei kabla mashua haijagusa mchanga. Mmoja alichota omena kwa kiganja, akawaacha wateleze katikati ya vidole, akanusa, akatikisa kichwa, na mvuvi akashusha bei papo hapo pasipo yeyote kati yao kupandisha sauti. Nilisimama pale hadi jasho likanikaukia mwilini.

Nilipotaka kuendelea kandokando ya mafunjo, mvuvi mmoja aliniita. "Ndugu, huko wenyewe hawajarudi bado." Wenyewe ni viboko, ambao hutoka majini usiku kula nyasi na kurejea kunapopambazuka, na hakuna mahali pabaya pa kusimama kama kati ya kiboko na maji yake. Niligeuza.

Basi wenzangu mnaosafiri, leteni yenu. Sina haja na kilomita wala dakika zenu. Nataka njia mliyopita na kile ambacho msingekiona kwa gari.

Mwalimu wa kike, Kisumu

Mimi nimeifanya safari yako kinyume. Nilikuja Nakuru kwa semina ya wiki moja, na kwa kuwa nyumbani hukimbia kilomita 10 bila taabu, nilijigamba mbele ya wenzangu wawili kwamba tutapanda Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji, kabla ya kifungua kinywa. Kilomita ya tatu kifua kilibana, miguu ikawa mizito, nikaanza kuhesabu siku tangu nilipolala mara ya mwisho bila chandarua, maana sisi wa ziwani tukilegea tu, akili hukimbilia malaria. Haikuwa malaria. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takribani 1,850, na kilele cha Menengai ni mita 2,278. Nilikuwa nimedhamiria kupanda zaidi ya kilomita nzima juu ya kimo cha nyumbani, nikitaka mapafu yasitambue.

Tulimalizia kwa kutembea, na nashukuru kwa hilo. Nilitarajia kuona shimo. Kasoko ya Menengai ina upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, kwa hiyo unapofika ukingoni huoni shimo bali nchi nzima iliyozama, yenye vichaka vyake na mawe yake meusi ya volkano, na kule chini mvuke mweupe ukipanda kutoka kwenye visima vya jotoardhi. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa jiografia ambaye amefundisha somo hilo kwa miaka kumi na mmoja, alikaa chini na kusema kwamba mchoro anaouchora ubaoni ni uongo mtupu.

Siku ya tatu nilichagua tambarare, nikafuata upande wa Nairobi hadi kilima cha Hyrax, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na kukuta mabaki ya makazi ya kale. Nilirudi baadaye mchana nikalipa kiingilio, na kitu kilichonishika si kaburi wala ukuta bali mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya mwamba, safu kwa safu, yamelainika kana kwamba wachezaji wameinuka sasa hivi.

Kwa akina dada: sehemu ya msitu wa mikaratusi kabla ya kufika juu sikimbii peke yangu, hata mtu aniambie nini. Tulikuwa watatu, na tulimwambia mpokezi wa wageni saa tutakayorudi.

Dereva wa lori, njia ya Busia

Mimi hukimbia lori likipoa. Pale Maseno, ambapo barabara ya Kisumu kwenda Busia hukata Ikweta, niliegesha, nikakimbia kutoka kizio cha kusini hadi cha kaskazini na kurudi mara nane. Turnboi wangu, msaidizi wa lori, hajaacha kusimulia.

Mkwe, Nairobi

Yangu ni ya aibu, lakini mmetaka uzoefu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikwenda ukweni, karibu na Mumias, na siku ya pili jioni, baada ya ugali na kuku wa mara tatu, niliona ni lazima nikimbie. Nilivaa kaptura, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaingia kwenye miwa. Mtu asiyewahi kuingia kwenye miwa iliyokomaa hawezi kuelewa. Miwa ile huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kufikia kukatwa, na hapo imekupita kimo mbali; huoni nyumba, huoni mlima, huoni mnara wa simu. Njia za trela zimekatwa mrabamraba, kila kona ni pacha wa nyingine. Nilikata kushoto, kulia, kushoto, nikitegemea jua, nikasahau kwamba karibu na Ikweta jua halichelewi: linashuka kama jiwe na giza linaingia.

Nikakutana na mama mzee mwenye mzigo wa kuni kichwani. Nilimsalimu kwa Mulembe yangu ya kujifunza. Hakujibu salamu, alitazama nyuma yangu, akasubiri, akatazama tena. "Nani anakufukuza?" Nikamwambia hakuna, mama, ni mazoezi. Alinitazama kwa huruma ya mtu anayemtazama mgonjwa, akapita. Dakika chache baadaye walitokea vijana wawili kwa bodaboda, mmoja ana rungu mapajani, na mazungumzo yakawa mafupi. Kwao, mwanamume mgeni anayekimbia jioni ndani ya miwa ni mwizi, au ana mgonjwa. Sikuwa na kitambulisho. Kilichoniokoa ni kutaja jina la baba mkwe na la babu yake, na la mahali wanakozikwa, yote niliyofundishwa wakati wa mahari huku nikidhani ni mapambo tu ya sherehe.

Waliniweka katikati yao kwenye pikipiki, wakanifikisha hadi uani, taa ikiwa imewaka, wazee wamekaa, na mama mkwe akitoka jikoni na birika la chai. Mimi ndani ya kaptura. Anayejua heshima ya mkwe kwa mama mkwe Uluhyani hana haja ya kuelezwa zaidi. Aliweka birika chini, akarudi jikoni, na sikumwona tena hadi kesho yake.

Tangu siku hiyo, nikifika kijiji chochote, alasiri ya kwanza natembea hadi senta, nanunua soda, nakaa kwenye benchi nionekane uso. Asubuhi inayofuata ndipo nakimbia, kwa suruali ndefu, kitambulisho mfukoni.

Mhudumu wa duka la dawa, Kakamega

Pole sana, kaka mkwe. Nimecheka hadi mteja akaniuliza.

Nami nilikwenda Iten, ambako lango la mji hutangaza kwamba umefika nyumbani kwa mabingwa, na kabla ya saa kumi na mbili nikajiunga na kundi lililokuwa limesimama njia panda. Walinikaribisha vizuri, wakaniambia leo ni mbio za polepole tu, na kweli walikwenda polepole, wakipiga soga kwa Kikalenjin bila kukatisha sentensi, huku mimi nikipumua kama mvukuto. Iten iko mita 2,400. Kilomita ya pili niliwaaga kwa mkono kwa sababu sauti haikuwepo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Waliniambia Alhamisi ndiyo siku ya kubadilisha kasi, dakika moja mbio kali na dakika moja nyepesi, nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nitakuja.

Ningaliwamudu nisingaliona Bonde la Kerio. Nilirudi nikitembea, vumbi jekundu hadi kwenye soksi, nikapotea kidogo, nikafika mahali ambapo ardhi inakatika na kushuka zaidi ya mita 1,000, na ukungu wa asubuhi ulikuwa chini yangu, si juu.

Muuza samaki, Nyalenda

Nimesoma yote, na mniwie radhi nikisema tofauti. Nyie mnapita. Mnafika, mnahema, mnatazama kidogo, kisha mnakwenda kuoga. Ndugu mkaguzi, ulisimama Dunga ukatazama mama akinusa omena, lakini hukusema kama ulimsalimu. Neno ni Oyawore, salamu yetu Wajaluo ya asubuhi, haligharimu pumzi nyingi. Na ungefika usiku wa mbalamwezi ungekuta mashua zimelala, kwa kuwa mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti omena, na siku hizo sisi hukaa ufuoni tukishona nyavu na kudaiana. Hilo huwezi kulijua kwa asubuhi moja, hata ukiwa na raba za namna gani. Mimi ningekushauri ukimbie hadi pale, kisha mwendo uliobaki utembee, na ununue gorogoro moja, kopo letu la kupimia.

Mkaguzi, Nakuru

Nimekubali, mama yangu, na la mbalamwezi sikulijua. Sikumsalimu. Niliogopa kumkatiza bei, lakini ukweli ni kwamba nilijiona mgeni mno kufungua kinywa. Mara ijayo nitakuja na mfuko.

Dada mwalimu, la kukimbia wawili au watatu nalo nimelichukua. Na kwa wote: mkiwa barabara ya lami isiyo na njia ya miguu, kimbieni upande wa kulia ili gari linalokuja mlione usoni. Matatu za alfajiri haziogopi mtu.

Jumatatu nitalala Kericho, mara yangu ya kwanza. Nataka kupita katikati ya chai, lakini nimesikia walinzi wa mashamba makubwa hurudisha watu. Kuna mwenyeji?

Mkulima wa chai, Kericho

Walinzi wana haki yao, yale ni mashamba ya watu na barabara zake ni zao, kwa hiyo usijaribu kubishana nao saa kumi na mbili asubuhi. Shika barabara za marram, zisizo na lami, za sisi wakulima wadogo, ambako chai iko kushoto na kulia vilevile na hakuna lango. Nenda asubuhi, kwa sababu mvua yetu hupenda alasiri na mara nyingine huja na mawe. Wachumaji wakitokea na vikapu mgongoni, simama kando uwapishe, kwani vijia kati ya michai ni vyembamba na kikapu kikijaa hakigeuki. Huku juu hewa ni nyembamba kuliko Nakuru, zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo yaliyompata mwalimu yasikushangaze.

Penye kituo cha kupokelea majani mara nyingi utakuta mama mwenye birika la chai na viazi vitamu. Ukiulizwa unatafuta nini, sema Chamgei kwanza, halafu ueleze. Niambie gesti yako iko upande gani wa mji, nikuchagulie kilima kisicho kikali.