Tupeane uzoefu: injini ya gari la zamani inagonga, wewe mwisho wa siku uligundua nini?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nina Datsun 240Z ya 1972 niliyoachiwa na marehemu baba mdogo. Ndiyo, aina ile ile iliyobeba Safari Rally 1971 na 1973. Ililala Area C hapa Dodoma chini ya turubai miaka mingi, nimeifufua mwaka jana, inatoka Jumapili tu, mjini hadi Ihumwa na kurudi.

Wiki ya tatu sasa ina mlio. Ikishapata moto, ikiwa sailensi (inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta), inagonga ko, ko, ko, mlio mzito, unatokea chini upande wa mbele. Nikikanyaga mafuta kidogo unapotea. Geji ya presha ya oili iko palepale. Fundi kasikiliza dakika moja, kafuta mikono, kasema, "Hii imenoki, bosi. Tushushe injini." Laki nane ya kazi tu, spea mbali.

Sijakubali, ila na usingizi sina. Naomba visa vyenu. Pole zenu nimezipokea kabla.

Dada wa Celica
Yangu Celica ya 1976. Ilikuwa inalia tik tik tik asubuhi, hasa ule mwezi wa saba wa baridi na upepo. Nikaambiwa tapeti, yaani nafasi za vali zimelegea. Zikasetiwa, nikalipa. Zikasetiwa tena, nikalipa tena. Mlio uko vilevile.

Nilichokuwa sijakitilia maanani ni kwamba kila siku ulikuwa unakufa wenyewe baada ya dakika kumi hivi. Kuna mzee wa Chang'ombe alikuja saa kumi na mbili asubuhi, akakataa nisiwashe mpaka afike. Nilipowasha akaweka kiganja karibu na manifodi ya ekzosi (bomba la kwanza la moshi, linalofungwa kwenye injini), bila kugusa, akaniita. Nikaweka changu. Pumzi inakupiga mkononi, pu, pu, pu, kama mtoto anapuliza uji. Gasketi ilikuwa imeungua kona moja, masizi yametambaa hadi kwenye hedi. Chuma kikipata moto kinatanuka, tundu linaziba, kimya. Gasketi moja na stadi mbili (bolti za kuifungia), nikamaliza.

Wako unaanza baridi au moto?

Mleta mada
Moto, dada. Ikiwa baridi inaunguruma kama ilitoka kiwandani jana.

Kijana wa Nkuhungu
Mimi ndiye yule aliyepuuza, nisomeni vizuri. Yangu siyo spoti, ni Peugeot 504 ya babu, lakini nayo ilishinda Safari 1975 kwa hiyo msinifukuze.

Ilianza kugonga ikipanda mlima na mzigo. Jirani akanishauri niweke oili nzito. Nikaweka, ikanyamaza, nikamnunulia jirani soda. Taa ya oili ilikuwa inachungulia kila nikisimama kwenye foleni, nikasema ni waya. Tukaenda Manyoni msibani. Tulipoipita Bahi kidogo ikapiga kelele ambayo sijui niiandikeje, nikaona moshi, nikaingia chini ya gari na tochi. Bloku, yaani mwili wa injini, ina dirisha. Konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni kutoka chini, ilitaka kuona mandhari.

Ila mkuu, yangu ilikuwa inazidi kugonga nikiongeza resi na presha inashuka ikipata moto. Yako unasema kinyume. Usishushe kwanza.

Mchuma Zabibu
Sisi tulihangaika siku nne na mlio wa kengele. Ilikuwa spana namba 13 ya fundi, aliisahau juu ya krosimemba, ile boriti ya chini ya injini. Alivyoiona akasema, "Aisee, niliitafuta sana hii."

Fundi mstaafu
Mwanangu, mlio ndani ya chuma ni mwongo. Unagonga mbele, wewe unausikia nyuma. Injini hizi za L24, kama hiyo yako, nimezifungua nyingi, kwa hiyo fanya hivi, jioni moja inatosha.

Ikiwa sailensi na mlio upo, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira, usitumie mkono mtupu. Konrodi iliyolegea hugonga kwa sababu pistoni inasukumwa na moto. Ukiinyima silinda hiyo cheche, mlio unafifia. Ukizunguka zote sita na mlio haujali, waambie wakusubiri na hiyo laki nane.

Halafu azima taa ya taiming, ile inayomulika kila plagi ikipata cheche, ifunge kwenye waya wa plagi namba 1. Inamulika mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, ile shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni. Ukisikia ko moja kwa mmuliko mmoja, tafuta juu: tapeti, au pampu ya mafuta, maana kwenye injini hiyo pampu inasukumwa na kamshafti, shafti ya juu inayofungua vali, nayo huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. (Tapeti ipime injini ikiwa ya moto, vali ya inteki (ya kuingiza) 0.25 mm, ya ekzosi (ya kutoa moshi) 0.30 mm. Vijana wanaziseti kwa kuotea.) Ukisikia ko mbili kwa mmuliko mmoja, mgonjwa yuko kwenye krenki.

Mwisho toa mkanda wa feni, washa kwa dakika moja tu, usikilize: mlio ukipotea, unatoka kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda. Na hapo hapo itazame puli ya krenki, lile gurudumu la mbele linalovuta mkanda. Siyo chuma kimoja ile. Kuna kitovu ndani, pete nje, na mpira katikati umezigandisha. Mpira wenyewe una miaka zaidi ya hamsini. Chora mstari wa chaki kutoka kitovuni hadi kwenye pete, endesha, rudi uutazame.

Mleta mada
MREJESHO. Shikamoo mzee wangu.

Nyaya zote sita, mlio haukujali hata mmoja. Taa: ko mbili kwa kila mmuliko, nilihesabu mpaka mke wangu akaja kuuliza kama niko sawa. Nilipotoa mkanda mlio ukawa mkavu zaidi, kama nyundo ndogo.

Nikachukua chaki ya mwanangu, nikachora, nikafunga mkanda, nikaenda hadi Msalato na kurudi. Nikazima, nikainama na tochi. Mstari umekatika pale kwenye mpira. Kipande cha kitovuni kinatazama juu, cha kwenye pete kimeteleza karibu upana wa vidole viwili. Nikaishika pete kwa mkono, inacheza; ndiyo inayogonga.

Na kuna jambo limenijia sasa hivi. Mwezi uliopita fundi aliseti taiming kwa kufuata alama ya puli, na tangu siku hiyo gari limekuwa zito kupanda kile kilima cha Chimwaga kwenda chuo. Alama iko kwenye pete! Alikuwa anaifuata alama iliyohama.

Kwa hiyo injini haishuki. Mwenye injini ya L24, au ndugu zake L26 na L28, iliyokufa, popote kati ya Singida na Morogoro, anicheki PM. Nataka puli tu, tuhesabu mifereji ya mkanda kwanza tusije tukauziana mbuzi kwenye gunia.