Naomba ushauri: vijana wa mitambo kanisani wananikimbia

Wakuu, shalom. Nasimamia mitambo ya sauti kwenye kanisa moja huku Mbagala, Dar. Vijana wa kujitolea ninao sita, ila anayeijua miksa kweli, ile mashine ya kurekebisha sauti za maiki na vyombo, ni mmoja, naye kapata kazi ya shifti; Jumapili nyingine hayupo.

Juzi mwimbaji wa kwaya alisogea na maiki mpaka mbele ya spika, ikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Binti aliyekuwa zamu, ana miezi miwili tu, badala ya kushusha maiki ile akapandisha sauti ya jumla. Mzee mmoja akamfokea mbele ya waumini. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Kosa ni langu kwa kweli, nilimwachia vitufe vyote vile bila hata kuvibandika majina.

Sasa nimebandika plasta yenye jina kwenye kila chaneli, na nataka wajifunzie Alhamisi kwaya ikifanya mazoezi. Shida nauli: wawili wanatoka Chanika.

Mliowahi kulea timu kama hii, mlianza na nini? Na yule binti, nimfuate kwao au nimpe muda? Wazee nao nani huwaambia wasiwafokee vijana?