Mzio mkali wa karanga kwenye ukumbi wa chakula wa pamoja

Mratibu: Wakuu, ukumbi wetu wa chakula unatumiwa na watu wengi, na mmoja wao ana mzio mkali wa karanga. Kumtengea meza kunatosha?

Mpishi: Haitoshi kama kitambaa cha kufutia ni kilekile. Jeli ya kutakasa mikono haiondoi protini ya karanga. Maji na sabuni ndiyo huiondoa. Meza yake ifutwe kwanza kwa kitambaa kisafi, pamoja na kingo za kiti. Balaa kubwa ni upawa: ukitoka sufuria hii ukaingia ile, juhudi zote zimepotea bure. Apakuliwe yeye kabla ya wengine.

Nesi: Naongezea. Harufu ya karanga peke yake kwa kawaida haileti shambulio. Sindano ya adrenalini, yaani dawa ya dharura ya shambulio la mzio, isifungiwe kabatini, tafadhali! Akianza kubanwa pumzi, achomwe mara moja pajani upande wa nje, kisha pigeni simu ya dharura. Alale, akihema kwa shida akae, ila asisimame wala kutembea. Asipopata nafuu baada ya dakika 5 hadi 15, apewe dozi ya pili. Msingoje vidonge vya mzio vifanye kazi, havizuii koo kuziba.

Mratibu: Upawa hatukuufikiria kabisa. Asanteni.