Nililelewa na bibi Kibosho tangu nikiwa na miaka mitatu: je, ushauri wa kisaikolojia unaweza kutibu jambo nisilolikumbuka?

Mama_Wawili_Moshi (mleta mada)

Ndugu zangu, nina umri wa miaka 36, naishi Moshi na nina watoto wawili. Nilipokuwa na miaka mitatu mama yangu alinipeleka kwa bibi, Kibosho, akaenda kutafuta maisha Dar es Salaam, na sikumwona tena hadi nilipokaribia kuingia darasa la pili. Bibi alinipenda sana. Sikulala njaa hata siku moja, kwa hiyo wakati mwingine sijui nalalamikia nini. Lakini mume wangu akianza kupanga nguo kwenye begi kwa ajili ya safari ya kikazi, hata ya siku mbili tu, tumbo langu hukaza tangu jioni, namjibu kwa ukali, na akishaondoka sitaki kupokea simu yake. Mwanangu mdogo, ambaye sasa ana miaka mitatu, akinililia mlangoni nikienda kazini, nakufa ganzi mwili mzima.

Mama sasa ni mzee na tunaishi naye. Namhudumia kwa kila kitu, ila kumkumbatia siwezi. Kanisani nimeshauriwa nisamehe, nami nimetamka msamaha mara nyingi. Naomba kuuliza: ikiwa siku ile mwenyewe siikumbuki, mshauri atatibu nini?

Mshauri_Njiro

Pole sana, dada yangu. Nafanya kazi ya ushauri wa kisaikolojia hapa Arusha. Mtoto wa umri ule hawezi kuhifadhi tukio kama hadithi yenye mwanzo na mwisho, ndiyo maana watu wazima wengi hukumbuka machache sana ya miaka hiyo. Lakini hujifunza mapema mno ni nani huja anapolia, na hutokea nini mtu akifunga mzigo. Funzo hilo hubaki mwilini hata picha ya siku yenyewe ikifutika.

Aliyeijenga nadharia ya mfungamano kati ya mtoto na mlezi wake ni John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi naye London, alikuja Uganda katika miaka ya 1950, akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala ili kuwaangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa kwenda kuchunguza vitu, kisha akarudi kwa mama kujihakikishia kwamba bado yupo. Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani mambo haya ni ya Wazungu, ilhali sehemu ya msingi wake iliwekwa hapa kwa jirani zetu.

Bibi yako alikuwa mahali pako pa kurudia, na nadhani ndiyo sababu unaweza kuwalea wanao kwa upendo. Hata hivyo, kupendwa na bibi hakukufuta kuondokewa na mama. Mshauri mzuri hatachimba kumbukumbu isiyokuwepo, na akikulazimisha uikumbuke, tafuta mwingine. Ataanza na yaliyopo leo: tumbo linalokaza, ukali, simu usiyoipokea. Mshauri naye atakwenda likizo, utamkasirikia, atarudi, mtalizungumza bila yeye kukukimbia, na hiyo nayo ni tiba.

Babu_wa_Machame

Binti yangu, sisi Wachaga mtu akimkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na aliyeletewa hakatai. Sijapata kuona mtu mzima akimpelekea sale mtoto wa miaka mitatu. Wazazi wa rika langu tuliwapeleka watoto kwa bibi zao tukijua watakuwa salama, na mara nyingi walikuwa salama, ila tuliondoka alfajiri wangali wamelala ili wasilie. Tulidhani tunawaepushia uchungu. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka arobaini aliponiambia kwamba tangu wakati ule aliogopa kulala. Muulize mama yako kuhusu siku ile, kwa upole, angali hai.

Mlezi_Himo

Naongeza dogo tu, kwa kuwa nalea watoto wa marehemu dada yangu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Waliowapa tiba walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, na walezi nao walishirikishwa. Bungoma manufaa yalionekana hata baada ya mwaka. Kwa Moshi tofauti na watoto wasiopewa tiba hiyo ilikuwa imefifia, jambo linalonifanya niamini kwamba vikao peke yake havitoshi pasipo utulivu wa nyumbani.

Mama_Wawili_Moshi

Nawashukuru wote. Nimepata miadi ya Alhamisi, na mume wangu amekubali kunisindikiza. Babu, jana usiku nilimuuliza mama nilikuwa nimevaa nini siku ile. Alijibu papo hapo, kabla sijamaliza swali: sweta ya kijani, kifungo cha juu kilikuwa kimekatika, na alikuwa amekusudia kukishona kabla ya kuondoka.